Jinsi ya kuielewa Julai 1914 kwa kalenda, ramani na ratiba za treni

Kama una mtoto wa skuli yuko fomu thrii au fomu foo, au una kikundi cha tyusheni hapo mtaani, au hata watu wa baraza wanaopenda kubishana historia baada ya alasiri, hii ni njia ya kuwaelezea Vita Kuu ya Kwanza ilianza vipi bila ya kuwalisha ile orodha ya sababu wanayoikariri usiku wa mtihani na siku ya pili wameshaisahau. Mimi nnasomesha historia hapa mjini Unguja na mada hii naipenda kuliko zote, na ninachotaka uondoke nacho ni kimoja: ile risasi ya Sarajevo iliyomuua mrithi wa Austria-Hungaria peke yake isingeweza kuwaingiza Warusi, Wajerumani, Wafaransa na Waingereza vitani ndani ya wiki tano na ushei. Ndani yake mlikuwa na mipango ya kijeshi iliyokaa makabatini miaka, kila dola na wake, kila mmoja umefungwa na saa, na ulipoguswa mmoja ukaanza kuamsha mwengine.

Vitu vya kutafuta ni vya bei ndogo. Manila moja au mbili, kalamu za rangi, bahasha tano, na ramani ya Ulaya ya mwaka 1914. Kwenye ramani nnasisitiza sana, usichukue ya leo, itakuharibia kila kitu, kwa sababu ya leo ina Poland katikati ya Ujerumani na Urusi na mtoto hatoona kwa nini Berlin, yaani wakubwa wa Ujerumani, walikuwa hawalali. Ya 1914 Poland haimo kabisa, Urusi imekuja mpaka imegusana na Ujerumani, na Austria-Hungaria ni dola kubwa imejitandaza kuanzia milima ya Alps mpaka ndani ya Ukraine ya leo. Kama huna printa ichore kwa mkono, si lazima mipaka ikae sawasawa, ila hakikisha Ubelgiji inaonekana vizuri maana mambo mengi yatapita pale.

Anza na kalenda. Chora viboksi vya siku kutoka 28 Juni mpaka 4 Agosti 1914 halafu mpe mwanafunzi kalamu ajaze. 28 Juni Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, anauliwa pamoja na mkewe katika mji wa Sarajevo, aliyepiga risasi ni Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia, na Austria wakailaumu Serbia. Mwambie aendelee, na hapo ndo faida ya kalenda inapoonekana, manake boksi baada ya boksi zinabaki karibu tupu. 5 Julai Austria wanapata ahadi ya Ujerumani kuwa watakuwa nyuma yao kwa lolote, baada ya hapo Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, anakwenda zake kutembea na meli yake pwani ya Norway, na mpaka 23 Julai ndo Serbia inapewa masharti na masaa 48 ya kujibu. Muache mtoto aulize mwenyewe kwa nini wamengoja wiki tatu na nusu. Askari wengi wa Austria walikuwa wameruhusiwa kwenda makwao kuvuna, hilo moja, na la pili Rais Poincaré wa Ufaransa alikuwa St. Petersburg mgeni wa Tsar, mfalme wa Urusi, na Vienna, yaani serikali ya Austria, hawakutaka Mfaransa na Mrusi wawe wamekaa meza moja siku masharti yanapotoka, wakasubiri mpaka meli yake iondoke.

Kuanzia 23 Julai boksi zinajaa mpaka kalamu inakosa pa kuandika. 25 Serbia wanajibu, Austria wanaanza kuita jeshi. 28 Austria wanatangaza vita. 30 Urusi wanaita jeshi lote. 31 Ujerumani wanatoa onyo la masaa 12 kwa Urusi. 1 Agosti Ujerumani na Urusi vitani, 3 Agosti Ujerumani na Ufaransa, 4 Agosti Uingereza nao wamo. Muulize mwanafunzi nini kimebadilika baina ya Julai ile ya kimya na hii ya mbio, asijibu kwanza, mwambie aweke swali pembeni.

Kabla ya kufika kwenye mipango yenyewe eleza kuita jeshi ni kitu gani, na hapa kwetu inataka subira kidogo kwa sababu mtoto wa Unguja au Pemba hajakulia kwenye treni, ile reli ya Bububu iliyokuwa ikianzia hapo Ngome Kongwe ilishang'olewa zamani. Majeshi makubwa ya Ulaya hayakuwa yamekaa kambini yote yakisubiri. Askari wengi walikuwa watu wa akiba, mkulima, karani, muoka mikate, kashapitia mafunzo na karudi kwenye kazi yake, na amri ikitoka kila mmoja anakwenda kituo chake, anapewa magwanda na bunduki, anapandishwa treni pamoja na farasi, mizinga na chakula, na treni zote hizo zinatumia njia ile ile kwa hiyo lazima ziondoke moja nyuma ya nyengine kwa mpango uliopigwa mahesabu mwaka mzima nyuma. Mfano ninaoutumia ni meli ya mizigo pale Malindi inayopakia kwenda Pemba karibu na sikukuu: kilichopandishwa mwanzo kiko chini kabisa, juu yake kimepangwa chengine, na Mkoani watu wameshapanga magari kupokea, sasa mtu akija dakika ya mwisho akisema jamani twendeni Tanga, nahodha kugeuza usukani anaweza lakini mzigo umepangwa kwa ajili ya watu wengine na bandari nyengine. Halafu mpe ukubwa wenyewe. Wajerumani Agosti 1914 walitumia treni zipatazo 11,000. Daraja moja tu, la Hohenzollern pale Cologne juu ya mto Rhine, lilipitisha treni 2,150 baina ya tarehe 2 na 18 Agosti, ni treni moja kila dakika kumi na kitu, usiku na mchana. Mwambie mtoto achore daraja hilo kwenye ramani, atalikumbuka.

Sasa bahasha. Kila dola bahasha yake, ndani andika mambo manne: adui nani, njia ipi, siku ngapi, na nani ndani ya serikali anaujua mpango. Hilo la nne watu wengi wanaliruka na mimi naliona kubwa sana. Ziandike mwenyewe usiwaachie wanafunzi, na ya Ujerumani anza nayo na uipe nafasi kuliko zote.

Ujerumani iko katikati. Tangu Ufaransa na Urusi walipowekeana mkataba wa kijeshi 1892 ukathibitishwa 1894, majenerali wa Berlin walikuwa wanahesabu vita vya pande mbili. Alfred von Schlieffen, mkuu wao wa mipango toka 1891 mpaka mwisho wa 1905, hesabu yake ilikuwa Urusi ni kubwa lakini nzito, itachukua wiki nyingi kukusanya watu wake, Ufaransa iko karibu na ni nyepesi, kwa hiyo piga Ufaransa kwanza kwa karibu jeshi zima, imalize ndani ya wiki sita hivi, halafu panda treni rudi mashariki ukamkabili Mrusi. Tatizo mpaka wa Ufaransa na Ujerumani ulikuwa umejaa ngome, Verdun, Toul, Épinal, Belfort, kwa hiyo inabidi uzunguke juu upitie Ubelgiji, nchi ambayo mkataba wa London wa 1839 ulisema haigusiki, na Prussia mwenyewe aliutia saini mkataba huo.

Akaja Helmuth von Moltke, mpwa wa yule Moltke mkubwa, jemadari maarufu wa Wajerumani wa zamani, akashika nafasi 1906 akaubadilisha mpango. Schlieffen alitaka kukatiza pia kipande cha Uholanzi, Moltke akakiacha, alitaka Uholanzi ibakie wazi iwe pahala pa kupitishia biashara Ujerumani ikizungukwa na meli za Waingereza. Inaonekana busara, lakini tizama ramani, ukiiacha Uholanzi jeshi lote la mkono wa kulia linabanwa kwenye kichochoro baina ya mpaka wa Uholanzi na misitu ya Ardennes, na mlango wa kichochoro hicho ni mji wa Liège, wenye ngome 12 na makutano ya reli. Ukichelewa Liège, ratiba nzima imekufa. Kwa hiyo Liège lazima ivamiwe siku za mwanzo mwanzo kabisa, hata kabla jeshi kubwa halijamaliza kukusanyika. Hapo chukua kalamu nyekundu uzungushe duara. Mrusi akiita jeshi anaweza kukaa nalo mpakani wiki mbili watu wanazungumza, Mfaransa vilevile, Muaustria vilevile. Mjerumani akiita jeshi, siku chache tu yumo ndani ya nchi ya mtu. Na isitoshe ule mpango mwengine waliokuwa nao wa kuelekeza jeshi kubwa mashariki waliacha kuufanyia kazi toka 1913, kwa hiyo 1914 kabati la Berlin lilikuwa na mpango mmoja wa vita vikubwa.

Bahasha ya Urusi. Walipigwa na Japani 1904 na 1905, jeshi likawa hoi, Ufaransa ikawakopesha pesa, nyingi zikaenda kwenye reli za kuelekea magharibi, na wao wakaahidi kuwa vita vikianza watamshambulia Mjerumani karibu na siku ya 15 baada ya kuita jeshi. Muoneshe mwanafunzi vipi reli hizo zinavyoila hesabu ya Schlieffen, kila njia mpya inayojengwa Urusi inapunguza zile wiki za uzito, na 1914 Urusi wakapitisha programu kubwa ya jeshi ya kumalizika 1917, ndo maana Berlin kukawa na majenerali wanaosema kama vita vipo bora vije sasa. Jambo jengine la kuandika humo: Urusi walikuwa hawana mpango uliotayarishwa vizuri wa kuita jeshi dhidi ya Austria peke yake. Waziri wa mambo ya nje Sazonov aliukubali wito wa sehemu, mikoa minne ya kijeshi, Kiev, Odessa, Moscow na Kazan, kama ishara ya kuitisha Vienna bila ya kumgusa Mjerumani, halafu Danilov na wenzake wa makao makuu wakamwambia ukianza hivyo utaivuruga ratiba nzima na Mjerumani akija hatutakuwa na kitu.

Austria-Hungaria, mkuu wao Conrad von Hötzendorf, aligawa jeshi mafungu matatu. Fungu moja la Serbia, fungu kubwa la Urusi, na fungu la kati, Jeshi la Pili, liende popote patakapohitajika. Kwenye karatasi ni mpango mzuri kuliko yote. Kilichotokea, Conrad akalipeleka fungu la kati kwa Serbia, Urusi wakaita jeshi, akataka aligeuze liende Galicia, kule mpakani na Urusi, wakuu wa reli wakamwambia haigeuziki sasa hivi, lazima liende mpaka kusini kwanza halafu ndo lipandishwe tena treni lipelekwe kaskazini. Ndo lilivyokwenda. Likafika Serbia, likakaa pale Waaustria wakipigwa kwenye mlima Cer katikati ya Agosti, likarudishwa Galicia likafika limechelewa, na mwanzo wa Septemba Lemberg, mji mkuu wa Galicia, ikaanguka mikononi mwa Warusi. Rudisha ule mfano wa meli hapa, wataelewa bila ya maneno mengi.

Ufaransa usiwachoshe nayo. Mpango wa 17 wa Joffre, mkuu wa jeshi lao, ulikuwa zaidi ni mpango wa kukusanya jeshi mpakani, macho yakitizama Alsace na Lorraine walizonyang'anywa 1871, na kitu kimoja cha kuandika kwa herufi kubwa ni kwamba Ufaransa haiwezi kuwa ya mwanzo kukanyaga Ubelgiji, ikifanya hivyo imempoteza Muingereza.

Uingereza wao walikuwa na mpango lakini hawana ahadi, na hapo wanafunzi wenye akili ndo wanapenda kuuliza. Toka Januari 1906 maofisa wao wakizungumza na Wafaransa kimyakimya, Jenerali Henry Wilson akapanga bandari na treni za kupeleka divisheni sita zikasimame mkono wa kushoto wa Wafaransa, na mawaziri wengi wa serikali yao wenyewe hawakujua mazungumzo hayo mpaka 1911. 1912 wakagawana bahari, Wafaransa wakahamishia meli zao Mediterania, pwani yao ya kaskazini ikabaki haina kinga ila nia njema ya Muingereza. Ukimuuliza Grey, waziri wao wa nje, angekwambia nchi yake iko huru kuamua. Kwenye karatasi kweli. Lakini tarehe 2 Agosti walipokaa baraza la mawaziri wakakuta pwani ya rafiki iko tupu kwa sababu yao.

Bahasha zikiwa tayari cheza. Gawa watu makundi matano, kila kundi bahasha, sharti ni hakuna kumuonesha mwengine. Wewe unasoma tarehe, wao wanafungua bahasha wanasema mpango unataka wafanye nini leo, na wewe unawauliza mtafanya au hamfanyi. Usiharakishe mpaka ufike 29 Julai, ukifika hapo simama uwasimulie vizuri.

Siku hiyo Tsar Nicholas II ametia saini amri ya kuita jeshi lote. Jenerali Dobrorolsky kaichukua mkononi kaenda nayo ofisi kuu ya telegramu St. Petersburg, nyaya nyengine zote zimesimamishwa ili hii ipite, makarani wanapiga taipu nakala za kupeleka kila pembe ya dola, yeye kasimama anasubiri. Kama saa tatu na nusu usiku simu inalia, anaambiwa simamisha. Tsar kapata telegramu ya Kaiser, binamu yake, walikuwa wakiandikiana kwa Kiingereza wakiitana Willy na Nicky, na kabadilisha mawazo, amri iwe ya ile mikoa ya upande wa Austria tu. Kesho yake, 30 Julai mchana, Sazonov anakaa na Tsar karibu saa nzima anamshawishi mpaka anakubali tena jeshi lote, anatoka anampigia simu mkuu wa majeshi Yanushkevich kumpa habari na anamwambia sasa unaweza kuivunja simu yako, yaani asipatikane tena mtu wa kuirudisha amri nyuma. Wape wanafunzi nafasi wabishane hapa. Kuna mtoto atauliza tu, mwalimu, kwani hawakuweza kuzungumza? Walizungumza, telegramu zilikuwa zinapishana njiani, ila kila telegramu ilikuwa inaandikwa na mtu anayesikia saa ya mwenzake inagonga.

Pahala pa pili pa kusimama ni Berlin, 1 Agosti. Saa kumi na moja jioni Kaiser anatia saini kuita jeshi, Moltke anaondoka na karatasi. Mara inaingia telegramu ya balozi wao London, Lichnowsky, inaonesha kama vile Uingereza itakaa pembeni na hata kuizuia Ufaransa iwapo Ujerumani hatoishambulia Ufaransa. Kaiser kafurahi, Moltke anarudishwa, anaambiwa basi sote twende mashariki. Moltke anamjibu haiwezekani, jeshi la mamilioni halitungwi papo hapo, ukiligeuza sasa utapata umati wa watu wenye bunduki wasiokuwa na chakula. Kaiser anamwambia ami yako angenijibu vyengine. Wakati huohuo askari wa kikosi cha 69 wameshaingia Luxembourg kushika kituo cha reli cha Troisvierges, mpango unataka reli za Luxembourg, na amri ya kusimama imewafuata nyuma, wakatolewa. Usiku ikaja telegramu ya mfalme George V kuwa ile habari ilikuwa ni kutofahamiana, Moltke akaitwa tena akaambiwa fanya utakavyo. Asubuhi ya 2 Agosti Luxembourg ikachukuliwa yote, na jioni yake Ubelgiji wakapewa masaa 12 wafungue njia. Wakakataa. Asubuhi ya 4 Agosti Wajerumani wanavuka mpaka kuelekea Liège, na saa tano usiku kwa saa za London Uingereza imo vitani. Mtoto akishaona Liège na kalenda pamoja haitaji tena kukariri kwa nini Uingereza iliingia tarehe hiyo na si wiki moja mbele.

Baada ya hapo wavushe bahari walete huku kwetu. Mimi nafanya hivi kila mara kwa sababu vijana wetu wanadhani mambo haya ni ya Wazungu huko. Meli ya kivita ya Wajerumani Königsberg ilikuwa Dar es Salaam, na tarehe 31 Julai 1914, kabla ya Uingereza kutangaza chochote, iling'oa nanga ikatoka bahari kuu kwa sababu meli ya vita ikikutwa bandarini vita vikianza inafungiwa humo. Ikawatoroka Waingereza waliokuja kuinyemelea. 8 Agosti Waingereza wakaupiga mizinga mnara wa redio wa Dar. Na 20 Septemba alfajiri Königsberg ikaja hapa kwenye bandari ya Unguja ikaikuta HMS Pegasus imesimama ikifanyiwa matengenezo, ikaipiga mpaka ikazama. Baadhi ya mabaharia wa Pegasus wamezikwa kisiwa cha Chapwani, na kama una kikundi kidogo na mnaweza kukodi boti wapelekeni, waone tarehe wenyewe kisha warudi nazo kwenye kalenda. Na ukipata muda waambie pia ile ya 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani walipoelewana, Ujerumani ikaukubali ulinzi wa Muingereza juu ya Zanzibar na yenyewe ikapata kisiwa cha Heligoland kwenye bahari ya Kaskazini, hakuna aliyemuuliza mtu wa Unguja wala wa Heligoland, halafu Heligoland ikajengwa ngome ya manowari za Kijerumani na 28 Agosti 1914 mapigano makubwa ya mwanzo ya majini baina yao yakawa karibu na hapo.

Kuna kosa moja la kuepuka na nakuomba sana uliepuke. Wanafunzi wakishaona ratiba hizi wanakimbilia kusema mipango iliwalazimisha, hakuna mwenye makosa, treni ndo zimeleta vita. Hapana. Wape Italia. Italia ilikuwa na mkataba na Ujerumani na Austria, na mpango wa kupeleka jeshi mpaka mto Rhine kumsaidia Mjerumani, na mwanzo wa Agosti 1914 ikasema sisi hatumo, mpango ukabaki kabatini. Wape Ufaransa, 30 Julai serikali iliamuru askari wake wakae kilomita 10 nyuma ya mpaka asije mtu akasema wao ndo wameanza, wakati Joffre siku ya pili anawaambia kila masaa 24 ya kuchelewa kuita jeshi ni kilomita 15 mpaka 20 za ardhi zinapotea. Tsar aliisimamisha amri usiku mmoja. Na jenerali mmoja wa reli za jeshi la Ujerumani, Staab, baada ya vita aliandika kwa hesabu kuwa kuligeuza jeshi mashariki ile 1 Agosti kungewezekana. Mpango unabana muda wa kufikiri, lakini walioukubali uwe mmoja tu, walioficha sehemu zake kwa mawaziri, waliokaa miaka wasiulize nini kitatokea iwapo Ubelgiji watakataa, ni watu wenye majina na vyeo, na mwanafunzi lazima awataje.

Kosa dogo jengine ni kumfanya Schlieffen kama ndo aliyepigana. Alifariki Januari 1913. Kilichopigana ni mpango wa Moltke, na huyo Moltke mwisho wa Agosti alitoa kori mbili, yaani mafungu mawili makubwa ya jeshi, upande wa magharibi akazipeleka mashariki kwa hofu ya Mrusi, zikawa njiani wakati vita vya Tannenberg na Mrusi vinapiganwa, na hazipo Marne kule Ufaransa zilipohitajika.

Kwa wale wa mtihani, jibu likiulizwa sababu za vita usianze na orodha. Anza na tarehe mbili, 23 Julai na 4 Agosti, useme ndani yake mipango mingapi ilifunguliwa na upi ulikuwa hauwezi kungoja na kwa nini, taja Liège, taja siku 15 za Urusi, taja fungu la kati la Conrad, halafu ndo urudi nyuma kwenye ushirikiano wa kijeshi na ubeberu na mengineyo. Msahihishaji anayesoma makaratasi mamia yanayofanana ataliona lako.

Kazi ya nyumbani ninayowapa ni hii: kila mmoja afute kitu kimoja tu kwenye manila, halafu aandike ukurasa mmoja boksi la 4 Agosti lingekuwaje. Afute Liège, au ile ahadi ya siku 15, au yale mazungumzo ya Wilson, au awape Berlin bahasha ya pili ya mashariki. Ukisahihisha usitizame kama mwisho wake ni amani au vita, tizama kama amefuata saa na reli au ameruka. Aliyefuta Ubelgiji akasema Uingereza haiingii kabisa, mrudishie daftari umuulize habari ya zile meli za Ufaransa zilizoko Mediterania.